UZI: Farasi wa udongo wa makaburi ya enzi ya Tang, walioliona jua siku moja wakafukiwa miaka 1,200

MfinyanziMkisi (mtoa mada)

Habari za jioni wakuu. Huu uzi nimeuahirisha tangu mwaka jana, leo nashusha yote hata kama ni ndefu, mwenye chai achukue chai kabisa.

Nianze na mimi ni nani ili mjue naongelea wapi. Mama yangu ni Mkisi wa Ikombe, kule Matema pembeni ya Ziwa Nyasa, na mnaojua mnajua wanawake wa kule vyungu ndo maisha yao, mimi nimelelewa na pesa ya vyungu kuanzia daftari la darasa la kwanza mpaka nauli ya kwenda chuo. Afu Mungu si Athumani nikapata skolashipu kwenda kusoma China, mji wa Xi'an, nikakaa miaka mitatu. Sasa Xi'an ndo ile Chang'an ya zamani, mji mkuu wa enzi ya Tang, watawala wa mwaka 618 mpaka 907, yaani ukichimba shimo la choo unaweza ukakutana na mtu wa karne ya 8.

Wiki ya pili tu nikapelekwa makumbusho ya mkoa wa Shaanxi. Wenzangu wote haraka wanakimbilia kwenye askari wa udongo wa Qin, mimi nikakwama kwa farasi. Kafika juu ya goti langu hivi, kasimama kwenye kibao, kichwa kakigeuza kidogo pembeni kama kaitwa jina, mdomo wazi meno yanaonekana, rangi yake kahawia ya asali imemwagika mgongoni ikateremka ubavuni, ikakutana na kijani cha tandiko, afu kwenye miguu ikaishia katikati, haijafika chini, unaona tone limegandia pale pale juu ya kwato. Lile tone ndo lilinishika. Uji wa kioo uliyeyuka kwenye moto ukaanza kushuka, moto ukazimwa, ukaganda hapo hapo ulipofikia, na upo hapo mpaka leo.

Nikampiga picha nikamtumia mama WhatsApp. Mama yangu hajui Tang wala nini, akaangalia, akanipigia simu na swali moja tu: "Mwanangu, huyo mnyama yuko wazi ndani au kajaa? Na pumzi inatokea wapi?"

Wasiofinyanga niwaeleze. Ukifinyanga kitu kikawa na uwazi ndani halafu ukakifunga kote kote, ukikitia motoni hewa na unyevu vikikosa pa kutokea kinapasuka, na kinaweza kuondoka na vyungu vya jirani. Kwa hiyo lazima kuwe na tundu. Nikarudi kesho yake nikainama chini kabisa mpaka mlinzi akanijia, na kweli, tumboni kwa chini kuna shimo. Mama aliuliza akiwa Ikombe na jibu lilikuwa Xi'an limekaa miaka zaidi ya elfu moja na mia mbili. Tangu siku ile nikaanza kuwafuatilia hawa farasi na sijaacha.

Kijana_wa_Kkoo

Mkuu nimekaa pale. Ila fafanua, hawa ni tofauti na wale askari wa udongo wa mfalme wa kwanza?

MfinyanziMkisi

Tofauti kabisa mkuu. Wale ni wa Qin, karne ya 3 kabla ya Kristo, ukubwa wa mtu mzima, na hawana kioo, walipakwa rangi tu juu ya udongo. Hawa ninaowaongelea wako karibu miaka 900 mbele, wengi ni wa mwishoni mwa karne ya 7 na nusu ya kwanza ya karne ya 8, na wamevalishwa glezi, yaani lile koti la kioo linalong'aa kama kikombe cha chai. Wachina wanaiita kazi hii sancai, maana yake rangi tatu, japo usihesabu sana hizo tatu maana utakuta kahawia, kijani, nyeupe ya maziwa, na mara chache buluu. Buluu ilikuwa ya kobalti na ilikuwa ghali, ukiiona ujue marehemu alikuwa na uwezo.

Sasa nieleze wanavyotengenezwa maana hapa ndo utamu ulipo kwangu. Hawakufinyangwa kwa mkono mtupu kuanzia mwanzo. Walikuwa na kalibu. Unachukua udongo mweupe ule wa kaolini, unaukandamiza kwa vidole ndani ya kalibu ya nusu ya mwili, kushoto, afu nyingine kulia, kichwa kalibu yake, miguu kalibu yake, vikikauka kidogo unaviunganisha kwa uji wa udongo, unapitisha kisu kwenye maungio, masikio unayabandika mwishoni, unamsimamisha kwenye kibao. Baada ya hapo fundi mwenyewe anamaliza kwa mkono, na hapa ndo farasi wawili wa kalibu moja wanaachana, mmoja shingo imeinama, mwingine mdomo umeachama, mwingine ana singa zimekatwa zimebaki mashungi matatu yamesimama kama meno ya ukuta wa ngome (hiyo ilikuwa mitindo ya farasi wa wakubwa). Wengine shingoni pana mfereji mtupu, kwa sababu singa zilikuwa za nywele za kweli zilizopachikwa, zimeoza zamani.

Moto wa kwanza bila glezi, moto mkali, nyuzi joto elfu moja na kitu. Wanamtoa, wanampaka glezi, wanamrudisha kwenye moto mdogo zaidi, 800 mpaka 900 hivi. Glezi yenyewe ni madini ya risasi yamesagwa na mchanga. Risasi ndo inafanya kioo kiyeyuke mapema na kitiririke. Ukitia shaba kidogo unapata kijani, ukitia chuma unapata ile ya asali, usipotia kitu inabaki kama maziwa. Fundi anajua kabisa itatiririka, hawezi kuizuia, anachofanya ni kuamua aipake wapi na nene kiasi gani, afu anaiachia tanuri. Ndo maana miguuni walikuwa wanaiachia juu, ikishuka mpaka chini farasi anagandana na sakafu ya tanuri na huyo ndo basi tena.

Na risasi ni sumu, kwa hiyo usije ukadhani hivi vilikuwa vyombo vya kulia. Karibu vyote ni vya kaburini.

BintiLamu

Nimeipenda hiyo ya mama na pumzi, mashallah. Swali langu: kwa nini mtu atengeneze kitu kizuri hivyo halafu akifukie? Si hasara?

MfinyanziMkisi

Dada hili swali limenikalisha macho sana, na nilikuwa na jibu ambalo baadaye nikaliona halitoshi.

Jibu la kwanza ni la imani. Marehemu anaendelea kuishi kule, anahitaji nyumba, wapishi, wapiga muziki, walinzi, ngamia, farasi. Zamani sana kabla ya hapo wakubwa walizikwa na watu na farasi wa kweli. Halafu ikaja sanamu badala yake. Na kuna maneno ya Confucius, yule mwanafalsafa wa kale wa China, kwenye kitabu cha kale cha taratibu za ibada, anasifia wanasesere wa majani makavu wa kuzikia, ila anawakataa wale waliochongwa wakafanana na watu, anasema hauko mbali na kuzika watu wenyewe. Yaani alitaka vitu vya kaburini vibaki vionekane ni mfano tu. Na vina jina lao, mingqi, vyombo vya roho, visivyotumika na walio hai.

Sasa watu wa Tang wakaenda kinyume kabisa na huyo mzee. Farasi wao mpaka mishipa ya uso unaiona.

Jibu la pili nililipata baadaye, na ndo limefanya niandike uzi huu. Mwanzoni mwa miaka ya 710 kuna afisa wa serikali anaitwa Tang Shao alimwandikia mfalme barua ya malalamiko. Anasema hivi (naifupisha kwa maneno yangu): mabwana na maafisa siku hizi wanashindana kuzika kwa fahari, sanamu za watu na farasi zinapambwa mpaka zinafanana na walio hai, na lengo ni kuwaduwaza wapita njia tu, halitoki moyoni, watu wanaigana mpaka wanafilisika, na hata watu wa kawaida wameshaingia. Akaomba vitu vya kuzikia vipangwe kule kule kaburini, visitembezwe barabarani.

Umeona hapo? *Visitembezwe barabarani.* Maana yake vilikuwa vinatembezwa! Msafara wa mazishi unatoka mjini, farasi wa udongo wamebebwa wazi juani wanang'aa, kijani na asali, watu wamejipanga pembeni wanahesabu, fulani kazikwa na wangapi, warefu kiasi gani. Kwa hiyo hawa farasi kuna siku moja walionekana. Asubuhi ya msafara. Jioni mlango unafungwa kwa matofali.

Nikikaa mbele ya kile kioo cha makumbusho nilikuwa naifikiria hiyo asubuhi tu. Fundi aliyemfinyanga alikuwa wapi? Alisimama pembeni ya barabara akamwona wake akipita? Mimi naamini alisimama. Mama kila akiona chungu chake kwenye mtumbwi wa mtu anakijua, hata viwe arobaini.

Mzee_wa_Kaole

Mtoa mada hongera. Hapo kwenye kufilisika ndugu yangu umegusa penyewe, wanadamu ni wale wale. Serikali haikuweka kiwango?

MfinyanziMkisi

Iliweka Mzee wangu, shikamoo. Ilikuwa ni kwa cheo. Sheria za karne ya 8 zinasema afisa wa daraja la tatu kwenda juu vitu 90, la tano kwenda juu 60, la tisa kwenda juu 40, na urefu nao ulipangwa. Ila watu wakapita juu ya sheria kama hawaioni. British Museum kule London kuna seti ya sanamu 13 zinazohusishwa na kaburi la jenerali mmoja, Liu Tingxun, aliyefariki mwaka 728 akiwa na miaka 72. Farasi wawili, ngamia wawili, masaisi watatu, maafisa wawili, walinzi wawili na wale wanyama wa kutisha wa kulinda kaburi wawili, na warefu kuliko wote wanapita mita moja. Mita moja ya udongo wa tanuri! Aliyewahi kuchoma hata mtungi mkubwa anajua hiyo ni kazi ya kufunga na kusali.

Hapo hapo niseme kuhusu masaisi maana watu wanawapita. Saisi wa Tang mara nyingi siyo Mchina, ni mtu wa Asia ya Kati, pua ndefu, ndevu, kofia ya ncha, buti. Ndo hali ilivyokuwa, farasi wazuri walitoka magharibi na wajuzi wa farasi walikuja nao. Kuna kaburi la mji wa Luoyang lililochimbuliwa 1981, la An Pu na mkewe, walizikwa pamoja mwaka 709, huyu bwana ukoo wake ni Wasogdi, wale wafanyabiashara wa njia ya hariri wa pande za Bukhara, na kaburi lake lilijaa sancai, farasi na ngamia. Kwa hiyo mgeni mwenyewe alishakuwa mkubwa wa kuzikwa na farasi.

Sasa mwangalie saisi mikono. Mkono mmoja juu mmoja chini, ngumi zimekunjwa, katikati ya ngumi kuna tundu. Kashika hatamu. Hatamu ilikuwa ya kamba au ngozi, imeoza ikaisha, yeye bado kashika. Makumbusho wanamweka pembeni ya farasi wake na ile nafasi kati yao iko tupu, na bado unaiona kamba.

Kijana_wa_Kkoo

Daah hiyo ya kamba imenikaa. Sasa kwa nini farasi ndo wengi hivyo, kwa nini siyo ng'ombe?

MfinyanziMkisi

Kwa sababu farasi ndo ilikuwa ufalme wenyewe mkuu. Kumbukumbu zao zinasema Tang walianza na farasi 5,000 tu, elfu tatu wa utawala uliopita na elfu mbili walionyang'anywa Waturuki wa kale wa nyika za Asia, wakawapeleka malisho ya kaskazini magharibi, na ndani ya miaka arobaini hivi wakafika 706,000. Mwaka 667 ikatoka amri mafundi na wafanyabiashara wasipande farasi kabisa. Kwa hiyo fundi aliyefinyanga farasi, kisheria hakuruhusiwa kumpanda.

Mfalme Taizong yeye alichongewa farasi wake sita wa vitani kwenye mawe, kila mmoja kwa jina lake, akawekewa kwenye kaburi lake la Zhaoling. Mmoja, Saluzi, anachomolewa mshale kifuani na jenerali, na farasi kasimama kaegemeza kichwa kwa yule mtu. Wanne wako Xi'an makumbusho ya Beilin, wawili, Saluzi akiwemo, wako Philadelphia Marekani tangu miaka ya 1910 na kitu. Xi'an pale wameweka nakala kwenye nafasi zao. Mimi iliniuma, nasema ukweli, farasi sita wa mtu mmoja wametenganishwa na bahari.

Halafu kuna farasi wa kucheza. Hii nisikilizeni vizuri.

Mfalme Xuanzong (alitawala 712 mpaka 756) alikuwa na farasi mia moja waliofundishwa kucheza muziki. Siku yake ya kuzaliwa wanavalishwa hariri, singa zimesukwa na lulu, wanacheza, na mwisho farasi anapiga goti na kikombe cha pombe mdomoni, anampa mfalme heri ya maisha marefu. Watu walidhani ni chumvi za wanahistoria. Mwaka 1970 hapo Xi'an, kijiji cha Hejia, ikachimbuliwa hazina ya dhahabu na fedha, na ndani yake chupa ya fedha yenye umbo la kiriba, ubavuni farasi kapiga makalio chini, mkia juu, kikombe mdomoni. Nimeiona kwa macho yangu, farasi ni wa dhahabu juu ya fedha.

Mwaka 755 jenerali An Lushan akaasi, mji mkuu ukaanguka, mfalme akakimbia. Baadhi ya wale farasi wakaangukia mikononi mwa jenerali mwingine, Tian Chengsi, akawachanganya na farasi wa vita bila kujua ni nani. Siku moja kambini ikapigwa ngoma ya sherehe. Farasi wakasikia muziki, wakaanza kucheza. Watunzaji wakaona hawa wamepagawa, wakawapiga na fagio. Farasi wao wakadhani wanapigwa kwa sababu hawachezi vizuri, wakazidi kucheza kwa ustadi zaidi. Jenerali akaamuru wachapwe zaidi. Wakacheza mpaka wakafa. Imeandikwa kwamba kulikuwa na watu waliowajua ila wakaogopa kusema.

Nilipoisoma sikulala vizuri.

Na ndo hapo hapo farasi wakubwa wa sancai nao wanapoishia. Baada ya uasi malisho yakachukuliwa na Watibeti, farasi wakawa wa kununuliwa kwa Wauighuri kwa hariri, marobota arobaini kwa farasi mmoja, hazina ikakauka. Makaburi ya baada ya hapo ukichimbua sanamu ni ndogo na hafifu. Yaani historia nzima ya lile taifa unaweza kuisoma kwenye urefu wa farasi wa udongo.

BintiLamu

Subhanallah wale farasi wa kucheza… nimesoma mara mbili.

Niulize na kwetu. Hivi vitu viliwahi kufika pwani? Maana Lamu tumekua tukiokota vigae vya Kichina ufukweni.

MfinyanziMkisi

Farasi hapana dada, hawakuwa biashara, walikuwa wa mazishi ya kule kule. Ila vyombo vingine vya enzi hiyo hiyo ya Tang vilifika kwenu. Kule Shanga na Manda wamechimbua vigae vya Kichina vya karne ya 9. Na ile meli iliyozama karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, ilikuwa meli ya namna ya Waarabu, mbao zimeshonwa kwa kamba kama mtepe, imebeba vyombo kama 60,000, vingi bakuli za Changsha huko China, na moja imeandikwa mwaka unaolingana na 826. Kwa hiyo hivyo vigae vyenu ni ndugu wa mzigo ule.

Mzee_wa_Kaole

Naomba niongeze hapa maana nimezaliwa jirani na magofu. Makaburi ya zamani ya pwani yetu yalipambwa kwa bakuli na sahani za Kichina. Kaole yalikuwepo, Kunduchi yapo, Mambrui kule Kenya mnara wa kaburi una bakuli zimepachikwa juu. Utoto wetu tulikuwa tunaona matundu ya duara kwenye ukuta, wazee wanatuambia hapa palikuwa na sahani. Zimebanduliwa na watu. Nyingine ukiangalia chokaa imebaki na alama ya mzunguko wa sahani ilivyokaa. Tofauti ninayoiona na hao wa mtoa mada ni kwamba sisi tuliweka nje, mpita njia aone kila siku na amwombee marehemu, wao wakafungia ndani.

MfinyanziMkisi

Mzee umenifundisha kitu, asante sana. Hiyo ya kuweka nje sikuwa nimeilinganisha. Kwao mpita njia alipewa asubuhi moja, kwenu alipewa karne.

Na kubanduliwa nako kuko kote. Kaburi la binti mfalme Yongtai, aliyekufa 701 akiwa na miaka 17, historia zinasema ni kwa amri ya bibi yake Wu Zetian, mwanamke aliyekuwa anatawala, akazikwa upya kwa heshima mwaka 706 baba yake aliporudi madarakani, lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakakuta shimo la wezi, na chini ya shimo mifupa ya mtu na shoka. Wenzake walimwacha. Dhahabu ilikwenda, sanamu za udongo wakaziacha maana zama zile hazikuwa na bei.

Bei ilikuja na reli. Miaka ya 1905 mpaka 1909 hivi ilikuwa inajengwa reli ya kwenda Luoyang, ikapita vilima vya Mangshan ambavyo vyote ni makaburi, watu wa kale walikuwa na msemo kwamba hapo hapana hata pa kulaza ng'ombe kwa jinsi walivyobanana. Farasi wa rangi wakaanza kutoka kwenye udongo. Vibarua wakawaogopa, kitu cha kaburini ni mkosi ukiingiza nyumbani, wengi wakavunjwa. Vilivyobaki vikafika mtaa wa wauza vitu vya kale Beijing, Liulichang, wasomi kama Luo Zhenyu na Wang Guowei wakaviona wakajua ni nini. Baada ya hapo wageni wakaanza kununua, na kilichokuwa mkosi kikawa mali. Desemba 1989 farasi mmoja wa sancai aliuzwa kwa mnada London, pauni milioni 3.74, tena alikuwa mali ya mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli ya Uingereza. Reli iliwatoa, reli ikawauza.

Kijana_wa_Kkoo

Mkuu hapo kwenye bei sasa. Mjomba wangu anafuata mzigo Guangzhou, mwaka juzi aliuziwa farasi wa hivi na mtu kamwambia ni wa Tang halisi, katoa hela ndefu. Tunajuaje?

MfinyanziMkisi

Ndugu yangu nitakujibu moja kwa moja kwa nia njema. Kwanza China hairuhusu vitu vya kale vya kabla ya 1911 kutoka nje ya nchi, kwa hiyo aliyemuuzia, ama kamdanganya, ama kamtia kwenye kosa la jinai. Nakuombea iwe la kwanza.

Kuangalia kwa macho: glezi ya zamani ina nyufa ndogo ndogo sana kama ngozi ya kisigino, zimebana, na pembeni mwa nyufa glezi huwa inainuka, mahali pengine ina mng'ao wa fedha fedha kama mgongo wa samaki kwa kukaa ardhini. Mpya inang'aa kali, inaumiza macho, wanaipunguza kwa asidi inakuwa imefifia sawasawa kila mahali, na kaburini hakuna kufifia sawasawa. Udongo wa tope kwenye nyufa usikuaminishe, unapakwa na gundi.

Ila macho peke yake yanadanganya hata mabingwa. Kipimo chenyewe ni kutoboa kidogo sehemu isiyoonekana, kupata unga, kuupasha moto na kupima mwanga unaotoka. Udongo ukikaa unajikusanyia nguvu ya mionzi midogo midogo ya ardhini, ukichomwa inatoka yote inaanza upya, kwa hiyo mwanga unasema ni lini aliingia tanurini mara ya mwisho. Na bado wahuni wanachukua kipande cha kweli cha zamani wanakipachika pale wanapojua patatobolewa, ndo maana wanatoboa zaidi ya sehemu moja.

Mwambie mjomba asijilaumu sana, na kama ni kazi nzuri ya mkono basi ana kitu kizuri cha kuweka sebuleni. Nakala siyo dhambi ikiitwa nakala. Karibu na Luoyang kuna kijiji, Nanshishan, chote kinafinyanga sancai mpaka leo, familia za pale zilianza kutengeneza baada ya ile reli, wengine kwa kukarabati vilivyovunjika, ndo wakajifunza upya kazi iliyokuwa imesahaulika. Nilienda. Nikakaa kwenye karakana moja siku nzima, mama mmoja wa makamo ameketi na birika dogo la glezi, mbichi inaonekana kama uji wa ulezi, rangi zote zinakaribiana, huwezi kujua ipi itatoka kijani mpaka itoke motoni. Yeye anajua. Anamwagia mgongoni mara moja, anasubiri, mara ya pili, hapigi brashi. Nilimwambia kwa Kichina changu cha kubahatisha kwamba mama yangu naye ni mfinyanzi, akaacha kazi, akanishika mikono akaigeuza aone kama nami ninafinyanga.

BintiLamu

Ulimletea mama?

MfinyanziMkisi

Nilimletea. Farasi wa Nanshishan, mdogo wa kiganja na nusu, risiti ninayo, nilimbeba kwenye begi la mkononi Xi'an mpaka Dar, Dar mpaka Mbeya kwa basi nimempakata.

Mama hakumwangalia usoni kwanza. Alimgeuza juu chini, akatafuta tundu tumboni, akaingiza kidole kidogo akapapasa ndani kwenye maungio, taratibu, amefumba macho. Akasema huyu aliyekandamiza huu udongo anatumia mkono wa kushoto, na hapa karibu na shingo alipumzika, akaendelea siku nyingine maana udongo ulikuwa umeshaanza kukauka.

Sasa yuko juu ya kabati, anaangalia ziwani.